Kipepeo Usiyemjua: Mafunzo Niliyopata Msitu wa Sokoke

Msitu wa Arabuko-Sokoke, ulioko kati ya Kilifi na Malindi, una kilomita za mraba zipatazo 420. Ndio kipande kikubwa kuliko vyote cha msitu mkavu wa pwani kilichosalia Afrika Mashariki, na vipepeo waliokwisha kuorodheshwa humo ni zaidi ya aina 250. Mtu akiingia baada ya masika, majani yakiwa mabichi na maua yamechanua, atakutana na wengi asiowajua kuliko anaowajua. Mimi si mtaalamu wa wadudu. Ni mtembezi tu mwenye daftari, darubini ndogo na simu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiingia msituni humo kwa upande wa Gede.

Kipepeo aliyenisomesha zaidi ni mmoja mkubwa, mweusi mwenye mabaka meupe, ambaye akitandaza mabawa anafika sentimita 8 hivi. Kumtafutia jina hakukuwa kazi ya dakika moja, maana Sokoke kuna angalau vipepeo wanne wenye sare hiyo hiyo: Amauris niavius, nduguye Amauris ochlea, Hypolimnas anthedon, na jike la Papilio dardanus. Wawili wa kwanza ni ndugu. Wawili wa mwisho hawana undugu wa karibu nao, wala wao kwa wao. Njia niliyopita kuwatenganisha ndiyo iliyonipa mafunzo haya, na naamini yatamfaa hata aliyeko Amani kule Usambara Mashariki, Jozani kisiwani Unguja, au kwenye kichaka cha nyuma ya nyumba yake.

1. Rangi iulizwe mwisho

Ukimwambia mtu umeona kipepeo usiyemjua, swali lake la kwanza huwa, "Ana rangi gani?" Kwa ndege swali hilo lina faida. Kwa vipepeo wa misitu yetu linaweza kukupoteza kabisa, kwa sababu wako wanaoishi kwa kuvaa rangi za wenzao.

Mwenye sare yake ni Amauris. Viwavi wake hula mimea itambaayo yenye utomvu wa sumu, na yeye akishapata mabawa huwa na ladha ya kutapisha. Ndege akimdonoa mara moja hamrudii, na ile rangi nyeusi na nyeupe hubaki imemkaa akilini. Hapo ndipo wasio na sumu wanapopata upenyo. Kizazi baada ya kizazi, wale waliofanana zaidi na Amauris waliachwa na ndege wakazaa, na wale waliofanana kidogo wakaliwa. Henry Walter Bates, Mwingereza aliyekaa miaka 11 katika misitu ya Amazon, ndiye aliyelieleza jambo hili mwaka 1862, na mpaka leo wataalamu huliita kwa jina lake.

Si lazima uende msituni kuliona. Kwenye nyasi za kando ya barabara, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye doa jeupe huwa ni Danaus chrysippus, mwenye sumu. Lakini huenda pia akawa jike la Hypolimnas misippus, asiye na sumu, aliyemwiga mwenzake hata kwa namna ya kuruka. Dume la huyo misippus halifanani na jike hata kidogo: ni jeusi, na mabaka yake meupe yamezungukwa na mng'aro wa zambarau. Ukijibu kwa rangi tu, utawapa jina moja vipepeo wawili wasiohusiana, kisha uwape majina mawili mume na mke.

2. Andika mahali kabla hujaandika kipepeo

Sokoke kwa jina ni msitu mmoja, lakini ardhini ni misitu mitatu. Upande wa mashariki kuna msitu mchanganyiko, wenye mbambakofi na miti mingine mirefu. Katikati, kwenye mchanga mweupe, kuna mirihi iliyoachana, jua likifika hadi chini. Magharibi, kwenye udongo mwekundu, kuna vichaka vizito vya Cynometra ambavyo mtu hupita kwa kuinama. Kila sehemu ina vipepeo wake, na kipepeo wa kivulini hatoki ovyo kwenda juani.

Kimo nacho kina maneno. Euphaedra neophron, mwenye mkanda wa dhahabu na mabawa ya nyuma ya bluu-zambarau, hukaa chini kabisa njiani, akiruka hatua chache mbele yako na kutua tena kwenye matunda yaliyoanguka. Charaxes, wenye miili minene na mbio za kutisha, hukaa vileleni na kushuka kwa ajili ya matunda yaliyochacha au kinyesi cha mnyama. Kwa hiyo mstari wa kwanza katika daftari langu haumtaji kipepeo. Unasema: msitu mchanganyiko, penye kona ya njia, kivuli chenye upenyo wa jua, kimo cha kifua cha mtu, saa tatu na nusu asubuhi.

Taarifa ya mahali ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Kipepeo mkubwa wa pwani, Papilio constantinus, aliingizwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1871 na Christopher Ward, kutokana na vipepeo waliotoka Ribe, si mbali na Mombasa. Mtafiti wa leo akitaka kujua wale wa mwanzo walitoka wapi, anaanzia na neno hilo moja, Ribe, lililoandikwa zaidi ya miaka 150 iliyopita.

3. Tazama mwendo kabla ya bawa

Kipepeo akiwa anaruka macho hukimbilia kushika madoa, na madoa hayashikiki. Mwendo wake ndio unaoshikika. Siku hizi kwanza naiacha simu mfukoni, namwangalia.

Amauris huruka kama mtu asiyedaiwa. Anapiga mabawa polepole, anaelea, anazunguka ua moja kisha jingine, hana haraka, kwa kuwa hana anayemwogopa. Jike la Papilio dardanus humwiga vizuri akiwa mtulivu, lakini ukimshtua mwigo humtoka: anapanda juu kwa kasi, akipiga mabawa kwa nguvu. Na akinyonya ua hatulii, mabawa yake huendelea kutetemeka, tabia ya jamaa yake ya Papilio.

Yule wangu alifanya jambo la tatu. Alitua juu ya jani lililopigwa na jua penye kona ya njia, akafungua mabawa nusu. Kipepeo mwingine yeyote akipita, hata wa rangi nyingine, alimfukuza mita kadhaa, akarudi kwenye jani lile lile. Hiyo ni tabia ya dume linalolinda eneo lake, na madume ya Hypolimnas yana sifa hiyo. Amauris hana habari ya kulinda jani. Kabla sijaona doa hata moja vizuri, orodha yangu ilikuwa imeanza kupungua.

Mwendo pia ndio uliowaondoa Neptis, vipepeo wengine weusi wenye mistari myeupe waliojaa humo. Hao ni wadogo sana, na huteleza hewani wakiwa wamekunjua mabawa, wakiyapiga mara moja moja.

4. Hesabu miguu

Kati ya yote niliyojifunza, hili ndilo ninalopenda kuwaonyesha vijana, kwa sababu halihitaji kitabu. Mdudu ana miguu sita, kila mtoto wa shule anajua. Lakini mtazame kwa ubavu kipepeo wa jamaa ya Nymphalidae, ambamo wamo Amauris, Hypolimnas, Danaus, Charaxes na Neptis, na utaona amesimama kwa miguu minne. Jozi ya mbele ipo, ila imedumaa. Imekunjwa chini ya kichwa, mifupi, yenye manyoya, haigusi jani. Majike huitumia kuonja jani kabla ya kutaga, wahakikishe ni mmea ambao viwavi wao watakula.

Jamaa ya Papilio haina habari hiyo. Wao wana miguu sita kamili, mirefu, na husimama kwa yote.

Chukua sasa vipepeo wanne wenye sare moja. Bado hujatazama rangi. Ukimpata ametua kwenye ua, na darubini au kamera ya simu ikakuonyesha miguu sita ikishika petali, huyo ni jike la Papilio dardanus, hata kama amefanana na Amauris kiasi cha kumdanganya kunguru. Ukiona minne, dardanus ametoka na wamebaki watatu. Kazi hiyo ni ya sekunde chache, na jibu lake ni la uhakika kuliko rangi zote mbili za bawa. Aliyeiga sare aliiga kile ambacho ndege hukitazama, na ndege hahesabu miguu.

Wangu alikuwa na minne.

5. Picha moja haitoshi, na ukingo usiachwe

Watu hupiga picha ya kipepeo akiwa amefungua mabawa, wakaridhika kwa sababu ni nzuri. Kwa kumtambua, picha nzuri na picha yenye manufaa si lazima ziwe moja. Ninazozitaka ni tatu: ya juu, mabawa yamefunguliwa, ya ubavu, mabawa yamefungwa ili upande wa chini uonekane pamoja na miguu, na ya karibu, inayoonyesha ukingo wa bawa la nyuma na vipapasio.

Vipapasio vina kazi ya kutenganisha vipepeo na nondo, maana wako nondo wanaoruka mchana wakiwa na rangi za kupendeza kushinda vipepeo wengi. Cha kipepeo huishia kwa kinundu. Cha nondo huwa chembamba mpaka mwisho au chenye nywele pande zote.

Ukingo ndio ulionimalizia kazi. Bawa la nyuma la Amauris ni la mviringo laini, na kwa dume lina baka dogo jeusi karibu na pembe ya ndani, mahali pa harufu anayoitumia kumvutia jike. Bawa la nyuma la Hypolimnas anthedon lina ukingo wa mawimbi, limeingia na kutoka, na weupe mwembamba umekaa katika kila bonde. Picha ya karibu ilionyesha mawimbi hayo waziwazi, na baka la harufu halikuwepo. Ukijumlisha ulinzi wa jani, miguu minne na ukingo wa mawimbi, hapakubaki shaka: Hypolimnas anthedon, katika sura yake inayoitwa wahlbergi, ile inayomwiga Amauris niavius.

Kupata picha hizo si lazima uwe na kamera ya bei. Nenda asubuhi kabla jua halijakolea, kwa maana kipepeo hana joto lake mwenyewe la kutosha. Hukaa ameota jua mpaka misuli ya mabawa ipate moto, na wakati huo ni mzito kuruka. Msogelee ukiwa umeinama, polepole, bila kutikisa matawi. Zaidi ya yote, kivuli chako kisimfikie. Kikimgusa tu, ameondoka.

6. Jike na dume wanaweza kuwa wageni kwa kila mmoja

Papilio dardanus anastahili fungu lake. Dume lake kila mtembezi wa Sokoke analijua: njano ya maziwa, kingo nyeusi, mikia miwili. Jike la huku kwetu halina mikia wala njano hiyo. Liko la nyeusi na nyeupe, liko la nyeusi na chungwa, yako na mengine, kila moja likimwiga kipepeo tofauti mwenye sumu. Hata mama mmoja anaweza kutaga mayai yatakayotoa majike ya sura zaidi ya moja.

Watu waliokusanya vipepeo hawa karne ya 19 waliwapa majike hayo majina mbalimbali, kila moja likihesabiwa aina yake. Roland Trimen, aliyeishi Cape Town, ndiye aliyetoa hoja, katika makala iliyochapishwa na Linnean Society ya London mwaka 1869, kwamba wote hao ni wake wa kipepeo mmoja wa njano. Wapo waliombeza. Ilikuwaje dume lenye mikia liwe na wake wasio na mikia na wasiofanana hata wao kwa wao? Viwavi walipofugwa na kutoa madume na majike hayo kutoka mafungu ya mayai ya mama mmoja, ubishi ukaisha. Karne iliyofuata Cyril Clarke, aliyekuwa daktari wa binadamu, na Philip Sheppard waliwazalisha vipepeo hao Liverpool, wakaonyesha kuwa sura zote hizo zinatawaliwa na sehemu moja ndogo ya urithi. Madagaska na Ethiopia bado wako majike wa aina hiyo hiyo wenye mikia na njano ya baba zao.

Kwa mtembezi, somo ni la vitendo. Ukiona kipepeo asiyefanana na chochote kitabuni, usiridhike na ukurasa wa madume. Tafuta ukurasa wa majike, kisha maelezo ya sura nyingine za aina hiyo hiyo. Mara nyingi aina "mpya" uliyoiona ni mke wa jirani unayemjua.

7. Msimu na umri hubadili sura

Kuna kipepeo wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania anayeitwa Precis octavia. Wanaozaliwa wakati wa mvua ni wekundu wa chungwa. Wanaozaliwa wakati wa kiangazi ni wa bluu iliyokolea. Ni aina moja. Kinachoamua ni hali ya hewa, hasa joto linalompata angali kiwavi.

Huku pwani mabadiliko si makubwa hivyo, ila yapo. Vile vipepeo vya kahawia vya kivulini viitwavyo Bicyclus huwa na madoa makubwa yenye umbo la jicho chini ya mabawa wakati wa mvua. Ndege akilenga, hulenga jicho hilo la ukingoni na kuacha mwili. Kiangazi, majani makavu yakiwa yametanda chini, madoa hupungua hadi kuwa nukta, kwa kuwa sasa usalama uko katika kutoonekana. Picha ya Aprili na picha ya Februari zinaweza kuwa za aina moja zisifanane.

Umri nao haufichiki. Rangi ya kipepeo imo katika magamba madogo mno, yale yanayobaki vidoleni kama vumbi ukimshika. Kila siku anapoteza mengine kwa miiba, mvua na midomo ya ndege. Mweusi huwa kahawia, mweupe huwa wa kupitisha mwanga, ukingo huchanika. Kwa hiyo tarehe huandikwa, na hali ya mabawa huandikwa: mapya, yamechakaa, yamepasuka upande wa kushoto.

8. Mwenye kufuga anajua mti

Tangu mwaka 1993 uko mradi wa Kipepeo pale Gede, penye magofu, unaonunua pupa kutoka kwa wakulima wanaopakana na Sokoke na kuwauza kwa maonyesho ya vipepeo hai Uingereza, Marekani na kwingineko. Pupa hufungwa kwa pamba na kusafirishwa kwa ndege, ili wafike kabla hawajapasuka. Lengo lilikuwa msitu uwape majirani zake kipato ukiwa umesimama. Miradi ya namna hiyo ilianzishwa pia Amani na Unguja.

Nilimwendea mzee mmoja mfugaji na picha zangu. Tulisalimiana, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akaishika simu mkono mmoja bila kuitazama sana.

"Ulimkuta mti gani, mwalimu?"

Nikamwambia ametua tu juani, hakuwa anakula.

"Basi tutafute anakozaliwa," akasema, akanipeleka kwenye vibanda vyake vya wavu.

Alichuma jani la kijiti kimoja, akalisugua vidoleni, akanipa ninuse. Lilinukia chungwa. Hicho ni cha jamaa ya michungwa, na ndicho chakula cha viwavi wa dardanus. Kwenye mlimau wa pembeni akanionyesha viwavi wa Papilio demodocus: wadogo walikuwa na rangi ya mavi ya ndege, wakubwa kijani kibichi. Akamgusa mmoja mgongoni kwa ncha ya jani. Papo hapo nyuma ya kichwa zikachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali ya kuziba pua, kisha zikarudi ndani. Jamaa yote ya Papilio wana pembe hizo, akasema, na jamaa ya yule wako hawana.

Kisha akaenda kwenye mmea mwingine, akaushika kwa kitambaa. Ni wa jamaa ya mimea inayowasha. Juu yake palikuwa na viwavi weusi wenye miiba yenye matawi. "Hawa ndio wako," akasema. Hakuwa ametaja rangi ya bawa hata mara moja. Kwake kipepeo ni mambo manne yanayofuatana, yai, kiwavi, pupa na mabawa, na mabawa ndiyo rahisi kuliko yote kuigwa. Pupa wa Amauris hung'aa dhahabu. Wa Hypolimnas ni wa kahawia, ana vinundu. Mnunuzi huagiza kwa aina, na mfugaji anayechanganya hizo mbili hatalipwa.

9. Programu ya simu ni msaidizi

Siku hizi ziko programu zinazopokea picha na kupendekeza jina. Nazitumia, na nashauri zitumike. Ila inafaa kujua zinavyofanya kazi. Zimefunzwa kwa picha zilizotumwa na watu, na picha za Ulaya na Marekani ni nyingi mno kuliko za misitu ya pwani yetu. Tena zinaangalia kile kile anachokiangalia ndege: sura. Picha yangu ya mbali ilipewa jina la Amauris, na ya karibu yenye ukingo wa mawimbi ikapewa la Hypolimnas. Mdudu alikuwa mmoja.

Faida yake kubwa ni watu walio nyuma yake. Kwenye iNaturalist, kwa mfano, picha yenye mahali na tarehe hupitiwa na wanaovijua vipepeo vya Afrika, na wao wakithibitisha inabaki kumbukumbu ambayo watafiti wanaweza kuitumia. Vitabu navyo havijapitwa. Cha Torben Larsen cha vipepeo vya Kenya, cha mwaka 1991, na cha Jan Kielland cha Tanzania, cha mwaka 1990, bado ndivyo vinavyoeleza tabia, miti na maeneo kwa namna ambayo picha haiwezi.

10. Kuishia njiani si aibu

Wako vipepeo ambao hakuna picha itakayowamaliza. Sokoke kuna vijipepeo vya rangi ya chungwa viitwavyo Baliochila, ambavyo viwavi wake hula vitu vidogo viotavyo kwenye magome ya miti. Aina zake hutofautishwa kwa uhakika kwa kupasua ncha ya tumbo na kuangalia viungo vya uzazi kwa hadubini. Hiyo ni kazi ya makumbusho, si ya mtembezi. Kuandika "Baliochila, aina haijulikani" ni kuandika ukweli wote ulionao. Kubahatisha jina la pili ni kumwachia mwingine kazi ya kulifuta.

Na ukitaka kukamata, uliza kwanza. Sokoke ni msitu wa hifadhi, na wavu unahitaji kibali. Darubini na daftari havihitaji.

11. Jina likipatikana, fuata mmea

Nilidhani jina ndilo mwisho wa safari. Kumbe faida ya Hypolimnas anthedon ilikuwa kunielekeza kwenye mmea unaowasha, ambao kwa kila anayesafisha njia ni wa kwanza kufyekwa, na hakuna wa kumlaumu. Mimea itambaayo ya Amauris nayo hukatwa kwa kuitwa magugu. Vijiti vyenye harufu ya chungwa huishia kuwa fito na kuni. Na wale waigaji wawili wanamtegemea Amauris kwa namna nyingine tena: Amauris akipungua, ndege hawatafunzwa, na sare itakuwa haina kazi. Kwa hiyo mimea mitatu isiyopendwa na mtu ndiyo inayoshikilia vipepeo wanne ambao kila mtalii husimama kuwapiga picha.

Tangu hapo kila kipepeo ninayempata jina namwandikia na mmea wake pembeni, na mahali ulipo. Orodha ya mimea imekuwa na manufaa kuliko ya vipepeo. Hiyo ndiyo ninayompa anayeniuliza kichaka gani cha kando ya shamba lake aache kukifyeka, na ndiyo ambayo mwenye shamba anaweza kuitumia leo hii, hata kama hatajali kamwe kujua Amauris ni nani na Hypolimnas ni nani.